Mshauri nasaha si mpiga ramli

Mama wa miaka arobaini na kitu ameketi mbele ya mshauri nasaha aliye mafunzoni. Ameeleza kwamba mumewe amehamia kwa mke mdogo tangu Ramadhani, ada ya watoto anahangaika nayo peke yake, na wiki iliyopita mawifi wamekuja kuchukua hadi friji. Anashusha pumzi na kumalizia, "Ndiyo hivyo, nimeshazoea." Wape wanafunzi wa ushauri nasaha mazungumzo haya, kisha waulize mama huyu anahisi nini. Mmoja atasema ana huzuni. Wa pili, aliyekariri orodha ndefu zaidi, atasema amekata tamaa. Wa tatu atasema mama yuko sawa, si mwenyewe amesema ameshazoea, na ataruka moja kwa moja kwenye suala la ada.

Mfano huu nimeutunga, lakini aliyewahi kukaa kwenye darasa la ushauri nasaha atautambua. Wanafunzi wote watatu wamelichukulia swali kama mtihani wenye jibu moja lililojificha kwenye uso au maneno ya mama. Mwenye jibu yupo palepale kitini na hakuna aliyemuuliza. Hoja yangu ni kwamba tunawafundisha washauri kutambua hisia kana kwamba ni kazi ya jicho kali, ilhali ni kazi ya kukisia kwa adabu na kukubali kusahihishwa. Namna ya kujifunza kazi hiyo imejulikana tangu miaka ya 1940. Ila inachukua muda, inamwumbua mwanafunzi mbele ya wenzake, na kozi nyingi huizunguka.

Kuna tarajio la wateja wetu linaloongeza ugumu. Kwa mganga, mtu hukaa kimya na mpiga ramli ndiye anayemweleza kilichomleta. Akipatia, sifa zake huvuka kijiji. Mshauri kijana akikutana na tarajio hilo hujikuta akitaka naye aonekane ameona. Anatamka "una hasira" kwa sauti ya hukumu, na mteja, kwa heshima tu, anaitikia "ndiyo." Hiyo "ndiyo" ya heshima imeharibu vikao vingi kuliko ukimya wowote, maana baada yake mshauri anaendelea kujenga juu ya msingi ambao haupo.

Mwaka 1940 mwanasaikolojia Carl Rogers alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Huko yeye na wanafunzi wake walifanya jambo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu: walirekodi vikao vya ushauri kwenye sahani za santuri. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo mashine ilihitaji sahani mbili, moja ikijaa nyingine inapokea. Mwaka 1942 Rogers alichapisha vikao vinane vya mteja mmoja, neno kwa neno, vya mshauri na vya mteja. Kabla ya hapo, mafunzo yalitegemea mshauri akumbuke mwenyewe alichosema, na sote tunajua kumbukumbu inavyompendelea mwenyewe. Rogers na wanafunzi wake waliposikiliza sahani walianza kuona ni kauli ipi ya mshauri iliyomfanya mteja aingie ndani zaidi, na ipi iliyomrudisha kwenye habari za juujuu. Wengine waligundua kwamba waliyedhani anasikiliza alikuwa anahubiri.

Kutoka kwenye kazi hiyo ikaenea mbinu ya kuakisi hisia: mteja anasimulia kisa, mshauri anamrudishia hisia iliyo ndani ya kisa. Mwaka 1969 Robert Carkhuff alichapisha mizani ya ngazi tano ya kupima majibu ya mshauri. Ngazi ya kwanza, mshauri hajasikia hata hisia iliyo wazi. Ngazi ya tatu, amesema hisia ileile aliyoieleza mteja, wala hajaipunguza wala hajaiongeza. Ngazi ya juu, amegusa kile ambacho mteja alikuwa akikizunguka bila kukitamka. Kutoka kwake na wenzake ndipo wanafunzi wa nchi nyingi wakarithi ile sentensi ya kujazia: "Unajisikia fulani kwa sababu ya jambo fulani."

Sentensi hiyo siidharau. Kwa anayeanza inafanya kazi moja kubwa: inamlazimisha aache kufuatilia nani alimwambia nani na lini, atafute neno la hisia. Jaribu kuwasikiliza watu wa kawaida wakizungumza na mwenye shida. Asilimia kubwa ya maswali yao ni ya kisa: alikuja saa ngapi, ulimjibuje, shilingi ngapi. Sentensi ya kujazia inakata tabia hiyo. Tatizo ni kwamba wengi hubaki nayo hadi wanastaafu. Rogers mwenyewe ilimkera. Alichoka kuigizwa kwa kejeli kama mtu anayerudia tu mwisho wa sentensi ya mteja, hata kwa miaka kadhaa akapunguza kabisa kuizungumzia mbinu hiyo. Mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliandika kwamba yeye hajaribu kuakisi hisia za mtu. Anachofanya ni kupima kama amemwelewa mteja sawasawa, na kila jibu lake lina swali ndani yake: ndivyo ilivyo kwako?

Nadhani hapo ndipo somo zima lilipo. Jina la hisia ambalo mshauri analitoa ni kama gauni la jaribio kwa fundi cherehani: analivalisha akiwa bado ana pini mdomoni, anasubiri kuambiwa kwapani panabana. Mteja akisema "hapana, si huzuni, ni kama nimedharauliwa," kikao hakijaharibika. Hapo ndipo kimeanza. Neno "nimedharauliwa" lisingetoka kama mshauri hangetoa lake lisilokaa vizuri, tena kwa sauti iliyoruhusu kukataliwa.

Wapo wanaodhani njia ya mkato ni uso. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea na picha za nyuso, akawaonyesha watu wa kabila la Fore waliokuwa na mawasiliano machache sana na dunia ya nje, na akahitimisha kwamba nyuso za hisia kadhaa za msingi zinatambulika popote. Kutokana na kazi hiyo yametengenezwa mafunzo, vipindi vya televisheni na sasa programu za kompyuta zinazodai kusoma hisia. Lakini mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na watafiti wenzake wanne walichapisha mapitio makubwa ya ushahidi na kuonyesha kwamba uso peke yake ni shahidi dhaifu. Mtu hukunja uso akiwa na hasira, na hukunja vilevile akiwa anawaza au tumbo linamsokota. Na mwenye hasira mara nyingi hakunji uso hata kidogo. Kwetu sisi hilo halihitaji maabara. Nani hajamwona mtu akisimulia alivyofukuzwa kazi huku anacheka? Kile kicheko ukikiandika "furaha" kwenye daftari lako umepotea, na ukikiandika "aibu" bila kuuliza unaweza kuwa umepotea pia.

Ushahidi wa kazi yenyewe unaelekea upande huo. Mwaka 2018 Robert Elliott na wenzake walijumlisha tafiti zenye sampuli 82 na wateja 6,138, wakaona kwamba mshauri anayemwelewa mteja kihisia huambatana na matokeo mazuri, uhusiano wa wastani lakini unaojirudia. Jambo la kushika ni nani aliyekuwa akipima. Tathmini ya mteja mwenyewe, kwamba alihisi ameeleweka, ilitabiri matokeo vizuri kuliko tathmini ya mshauri juu yake mwenyewe. Mshauri anayetoka kikaoni akijisifu kwamba leo "nimemsoma vizuri" hajathibitisha chochote.

Tuingie sasa kwenye chumba cha Temeke au Kisumu Ndogo, maana nadharia hizi zilizaliwa kwa watu wanaozungumza namna nyingine. Mteja wetu haanzi na jina la hisia. Anaanza na "nina mawazo." Wengine, hasa vijana, watasema "nina stresi," na kazi ya neno ni ileile: kumwaga kila kitu kwenye gunia moja. Ndani yake kunaweza kuwa na hofu ya kodi ya nyumba, wivu, majuto, upweke, au msiba ambao haujaliliwa. Mshauri wa kozi fupi hufanya moja kati ya mambo mawili. Anaandika "mawazo" na kuendelea, au anaruka hadi kwenye sonona. La pili linaonekana la kitaalamu, lakini sonona ni jina la ugonjwa, na mteja bado hajapata jina la kile kinachomkaba. Unaweza kumpima mtu, ukampa rufaa sahihi kabisa ya hospitali, na akatoka bila kuelewa kwamba anachokihisi ni hatia kwa sababu hakuwahi mazishi ya mama yake.

Njia ya kulifungua gunia hilo ni maswali madogo ya Kiswahili cha kawaida. Mawazo hayo huja saa ngapi? Yakija, mwili unakuwaje? Atakwambia moyo unamwenda mbio, au kichwa kinamwanga, au kuna donge kooni, au nguvu zinamwishia hata ndoo hawezi kuinyanyua. Kila jibu linaelekeza mahali. Roho juu na tumbo joto ni majirani wa hofu. Donge kooni mara nyingi ni kilio kilichozuiwa. Mwili mzima kufa ganzi, hapo nenda taratibu. Eugene Gendlin, aliyefanya kazi na Rogers huko Chicago, alisisitiza jambo hili kwa miaka mingi: hisia ambayo haijapata jina tayari ipo mwilini, haijakaa sawa, na mtu akiisubiri kidogo neno lake hujitokeza. Wateja waliokuwa wakitafutatafuta maneno vikaoni, wakisema "sijui nisemeje… ni kama…", aliona ndio waliofaidika zaidi kuliko wale wenye maneno fasaha. Kwa hiyo mteja wako akigugumia, usimsaidie haraka.

Kuanza na neno la mteja mwenyewe, Zimbabwe walikutumia kwa busara. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya Benchi la Urafiki katika zahanati za Harare, ambapo wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao bibi watu wazima, huketi na mgonjwa kwenye benchi nje. Waliacha maneno ya kitabibu na kuanza na neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa, ndugu kabisa wa "mawazo" yetu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 573 katika zahanati 24, lilionyesha dalili zikipungua zaidi kwa waliokaa kwenye benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Bibi wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na maneno ya mtaa wao, utaratibu unaoeleweka, na watu wa kuwasimamia.

Kikwazo kingine tunakibeba wenyewe tangu utotoni: "pole" na "jikaze." Msibani maneno hayo yana kazi, na sidhani kuna mtu anayetaka kuishi mahali ambapo hayasemwi. Kikaoni, yakitoka mapema, yanafunga mlango. Mteja anasema mtoto wake amekamatwa na polisi, mshauri anasema "pole sana mama, Mungu atasaidia," mama anasema "amina," na hapo kimebaki nini cha kusema? Nimesikia wakufunzi wakiwakataza wanafunzi kabisa kusema pole. Huko nako ni kuzidisha, maana mshauri asiyesema pole atahesabiwa hana utu. Ninachoona kinafaa ni pole kisha hatua moja zaidi: "Pole mama. Ulipopigiwa simu hiyo, ilikuwaje ndani yako?"

Halafu kuna mafumbo. Mtu wa pwani anaweza kukaa saa nzima asitaje hisia hata moja, akakutupia methali tatu. "Fadhila za punda ni mashuzi," anasema mama ntilie aliyemsomesha mdogo wake hadi chuo, na sasa mdogo huyo hapokei simu. Mshauri asiye na sikio atacheka, maana kweli inachekesha. Mwenye sikio atajua kwamba hapo ndipo mteja amesema yote: ameumia, amejiona mjinga, pengine anajuta hata wema wake mwenyewe. Lakini ni ipi kati ya hizo? Methali inaficha hilo makusudi, ndiyo kazi yake. Anayelelewa na kanga na taarabu amejifunza tangu mdogo kuisema hasira bila kuisema, ili asishikwe kwa maneno yake. Ukimrukia na "kwa hiyo una hasira," umemvunjia fumbo mbele ya macho yake. Afadhali kumfuata humohumo: "Na huyo punda, alikuuma zaidi teke au mashuzi?" Nakiri swali hilo linahitaji ujasiri kidogo, tena lisitumike kwa kila mtu.

Umri nao. Binti wa miaka ishirini na sita, cheti chake bado kinanukia wino, anamwambiaje mzee wa rika la babu yake "naona unaogopa"? Vitabu vya mafunzo vinavyotoka ng'ambo havina shikamoo. Nimeona washauri vijana wakikwepa tatizo hili kwa kurudi kwenye taarifa: dozi, tarehe ya kliniki, lishe. Mzee naye anashukuru, anaondoka na hofu yake. Lakini lugha yetu ina njia ya kumgusa mkubwa bila kumdhalilisha, na ni njia ya kumpa yeye ukuu wa kukataa: "Mzee wangu, nisahihishe kama nimekosea. Nikisikiliza unavyosimulia, nahisi kama jambo hili limekuelemea." Hisia haikutajwa kwa ukali wake wote, imewekwa karibu naye aichukue akitaka. Wengi huichukua. Atasema, "Kuelemewa? Mwanangu, mimi silali." Binti hakuhitaji kutamka neno hofu. Ajabu ni kwamba adabu yetu ya kawaida na alichokiandika Rogers mwaka 1986 vinakutana hapa bila kupangwa.

Kozi nyingi za cheti na stashahada, Nairobi na Dar es Salaam, hufundishwa kwa Kiingereza, na vikao hufanyika kwa Kiswahili, Kidholuo, Kisukuma. Mwanafunzi anapewa gurudumu la hisia, lile la rangi rangi ambalo Gloria Willcox alilichapisha mwaka 1982, lenye hisia chache katikati na tanzu zake zikienda pembeni. Analikariri kwa ajili ya mtihani. Akifika kazini anakuta mteja anasema ana kinyongo, ana simanzi, amefedheheka, ameingiwa na kihoro, na hakuna hata moja aliyoifanyia mazoezi kwa sauti. Kinyongo na hasira si kitu kimoja: hasira inaweza kuisha leo, kinyongo kinatunzwa. Anayetafsiri vyote kuwa hasira atapendekeza mazoezi ya kupumua kwa mtu ambaye ana kesi ya miaka kumi na kaka yake. Ningekuwa mkufunzi ningeanza na wanafunzi wenyewe kukusanya maneno ya nyumbani kwao, na kubishana juu ya mipaka yake, kabla sijawaonyesha gurudumu la mtu yeyote.

Hadi hapa ningeweza kueleweka kwamba shida ni kutojua. Norman Kagan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan aligundua jambo la kukera zaidi. Miaka ya mwanzoni ya 1960 yeye na wenzake walianza kurekodi vikao kwa video, kisha kumkalisha mshauri mbele ya mkanda wake pamoja na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kuuliza tu. Mshauri anasimamisha mkanda popote anapotaka. Anaulizwa: hapa ulikuwa unahisi nini? Ulitaka kusema nini ukaacha? Ulidhani mteja angekuonaje? Kilichojitokeza tena na tena ni kwamba mshauri alikuwa ameiona hisia. Aliona macho yakilengwa na machozi, aliona mkono ukikaza mkoba, akajifanya hajaona. Aliogopa mteja akilia atashindwa kumtuliza, au aliguswa na jambo lake mwenyewe, au alijiona hana haki ya kuingia huko.

Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba orodha ndefu za hisia ni nusu tu ya dawa. Mshauri ambaye ndoa yake imevunjika mwaka huu anajua fika sura ya aliyeachwa. Ujuzi anao mwingi kupita kiasi, na ndiyo maana anauliza kuhusu ada. Hakuna mhadhara utakaomfikia hapo. Anahitaji mtu wa kumuuliza, mkanda ukiwa umesimama, "Hapa kwa nini ulihama?"

Hasira inastahili neno la peke yake, hasa kwa wanaume. Leslie Greenberg, mwanasaikolojia wa Kanada, tangu miaka ya 1980 amekuwa akitofautisha hisia ya kwanza na hisia inayokuja kuifunika. Baba aliyepunguzwa kazini anakuja akisukumwa na mkewe, kwamba siku hizi amekuwa mkali, anawapigia watoto kelele kwa jambo dogo. Mshauri akikazana na hasira, watatengeneza mkakati mzuri wa kudhibiti hasira, na itarudi. Swali la kufaa ni la sekunde moja kabla ya hasira: mtoto alipoomba hela ya daftari, kabla hujafoka, ilipita nini? Hapo ndipo aibu inapochungulia. Mwanaume wa kwetu ameruhusiwa hasira na kunyimwa karibu vyote vingine, kwa hiyo vingine vyote huvaa koti lake. Lakini tahadhari: usimgeuzie kila mwenye hasira kuwa ana aibu. Aliyedhulumiwa kiwanja ana hasira ya kwanza, halali, na anahitaji isikike kama hasira.

Yote haya yanagongana na saa ya ukutani. Ushauri nasaha kama kazi ya watu wengi ulikua Afrika Mashariki kupitia UKIMWI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain kwa watu binafsi 3,120 na wenza 586, ulionyesha kwamba waliopata ushauri na kupima walipunguza ngono zembe zaidi ya waliopewa elimu ya afya pekee. Mwaka uliofuata vituo vya ANGAZA, vya ushauri na upimaji wa VVU, vikaanza Tanzania. Vizazi vya washauri vililelewa humo, na vilifanya kazi kubwa. Kisha upimaji ukapanuka. Mwaka 2007 Rais Kikwete alipima hadharani kuzindua kampeni ya taifa, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa wahudumu kuwapima wagonjwa wanaofika vituoni. Kwa afya ya umma ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa sanaa ya kusikiliza ulikuwa na gharama: foleni ikawa ndefu, mazungumzo yakageuka orodha ya kutiki, na mshauri aliyekuwa na nafasi ya kusubiri ukimya wa dakika mbili akabaki na dakika chache kwa kila kitu.

Niongeze onyo linalosahaulika na wapenzi wa hisia, mimi nikiwamo. Si kila wakati ni wa kutaja. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliangalia kikao kimoja cha kuwasimulisha manusura yaliyowapata na wanavyohisi mara tu baada ya tukio baya, na hayakuona kwamba kinazuia madhara ya kiwewe baadaye. Kuna tafiti zilizoonyesha wengine wakiwa na hali mbaya zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema wazi kwamba mtu asishurutishwe kueleza hisia zake. Aliyetolewa kwenye kifusi leo anahitaji maji, blanketi na simu ya kumpata ndugu. Mwenye hamu ya kumuuliza "unajisikiaje" asubiri.

Kwa hiyo mafunzo yaweje? Sahani za Rogers sasa ziko mfukoni mwa kila mwanafunzi, ndani ya simu, ila sauti ya mteja katika mji mdogo ni sawa na kitambulisho chake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2022, na rekodi ya kikao ni taarifa nyeti kuliko zote. Bila ridhaa ya maandishi, bila mahali salama pa kuitunza na siku ya kuifuta, isifanyike. Pale isipowezekana kurekodi, kuna njia ya zamani zaidi. Wanafunzi wa huduma ya kichungaji hospitalini, utaratibu ulioanza na Anton Boisen huko Worcester, Massachusetts, mwaka 1925, na ambao katika hospitali ya KCMC Moshi umefundishwa kwa wachungaji wa hapa kwetu, huandika mazungumzo na mgonjwa neno kwa neno mara wanapotoka wodini, kisha huyasoma mbele ya wenzao. Kumbukumbu itadanganya kidogo. Hata uongo wake unafundisha, kwa sababu mahali alipojipamba ndipo alipoogopa. Na katika igizo dhima, mwanafunzi aache kuigiza mlevi wa kubuni, alete jambo lake halisi, dogo, la wiki hii, ili anayefanya mazoezi apate mtu wa kweli wa kumwambia "hapana, sivyo."

Kinachokosekana zaidi ni msimamizi. Kenya ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, na mijadala ya usajili na vyeti ni mingi pande zote za mpaka. Sisikii mjadala wa nani atamlipa mtu mzoefu aketi na mshauri saa moja kila wiki, wasikilize dakika kumi tu za kikao chake, wasimamishe pale alipohama. Miradi hulipia semina za siku tano hotelini, zenye bango na picha ya pamoja, kwa sababu semina inahesabika kwenye ripoti. Saa moja ya msimamizi haina bango. Ningechukua bajeti ya semina mbili kati ya tatu niihamishie huko. Meneja wa kituo ataniuliza, na ana haki, kama maana yake ni wateja wachache zaidi kuhudumiwa kwa siku. Ndiyo, watakuwa wachache zaidi, na sioni namna ya kulikwepa hilo.